Mujuzi wa Mbu Anaingia mu Nyumba Yako: Anatafuta Nini?

Kila juma, kwenye CPN na kwenye CPS, tunawafundisha juu ya malaria. Tunasema: laleni ndani ya chandarua, ile munaita mustikere. Tunasema: mutoto akipata homa, mulete mbio. Lakini siku hizi kuna ulizo moja linalorudi mara nyingi, na hatujalijibu vizuri. Wamama wanauliza: «Wale watu wanaopita mu manyumba asubuhi na mapema, na mashuka nyeupe na tochi, banatafuta nini? Nani alibatuma? Juu ya nini wanakamata mbu, badala ya kutupatia dawa tu?»

Ni ulizo la akili. Mutu akitaka kuingia mu chumba unamolala na watoto wako, inafaa ujue sababu. Katika kurasa hizi tutaeleza mujuzi wa mbu ni nani, nani anamuita, anafanya kazi gani, na kwa nini kazi yake haiwezi kuwa nzuri bila wewe mama.

1. MUZIGO WETU

Inchi yetu ya Kongo iko ya pili mu dunia yote kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Ya kwanza ni Nigeria. Kwa hesabu ya OMS ya mwaka 2023, mu kila wagonjwa 100 wa malaria duniani, 12 ao 13 walikuwa wa Kongo. Mwaka ule ule malaria iliua watu karibu 597 000 duniani, na karibu wote walikuwa wa Afrika. Tena, mu kila watu 100 waliokufa na malaria mu Afrika, karibu 76 walikuwa watoto wasiofikisha miaka 5.

Kwa hiyo, tukikosea shauri juu ya mbu, anayelipa si docteur na si serikali. Anayelipa ni mutoto mudogo.

2. MBU GANI ANALETA MALARIA?

Mbu ni wa namna nyingi. Yule wa malaria anaitwa anofeli. Mume hamuumi mutu, yeye anakula maji matamu ya maua. Muke ndiye anayetafuta damu, sababu damu inamusaidia kukomaza mayai yake. Anauma usiku, zaidi wakati watu wamekwisha kulala, mpaka karibu na mapambazuko. Lakini wako wengine wanaoanza mapema, wakati ungali unapika inje.

Ukimuona anofeli kwenye ukuta, utaona kichwa chake kimeinama na sehemu ya nyuma imeinuka juu, kama musumari uliopigwa upande. Watoto wake wanaishi mu maji. Wanalala sawasawa na uso wa maji, kama kijiti kidogo kinachoelea. Watoto wa mbu wengine wananing'inia, kichwa kikielekea chini. Toka yai mpaka mbu mwenye kuruka, inaweza kuchukua juma 1 ao 2.

Sasa shika neno hili vizuri. Anofeli akinyonya damu ya mugonjwa leo, hawezi kumupa mutu mwingine malaria kesho. Kidudu cha malaria kinahitaji karibu siku 10 mpaka 14 kwa kukomaa ndani ya mwili wa mbu na kufika mu mate yake. Mbu akikufa mbele ya siku hizo, hana hatari. Mbu anayeishi siku nyingi ndiye muuaji.

Njo maana kazi ya chandarua ni mbili: ya kwanza, kumuzuia mbu asikufikie, ya pili, kumuua mbele hajazeeka.

3. DAWA INACHOKA?

Wamama wengine wanasema: «Zamani mbu akigusa mustikere, alianguka. Leo anakaa pale, anajipumuzisha, anaruka tena.» Hawasemi bongo. Jambo hilo liko.

Dawa iliyotiwa ndani ya vyandarua kwa miaka mingi ni ya jamaa ya piretri. Wazee wa Kivu wanayajua maua ya piretri, yale meupe yenye moyo wa manjano yanayolimwa mu milima. Ndani yake kuna sumu ya wadudu. Watu wa viwanda waliiga sumu ile, wakatengeneza dawa yenye kudumu kuliko ile ya ua. Dawa hiyo ilisaidia sana na iliokoa watoto wengi. Lakini mbu walianza kuizoea.

Namna gani mbu anaizoea? Fikiri shamba lako la maharagi. Ugonjwa unaingia, unaua karibu miti yote. Inabaki michache yenye nguvu. Wewe unachukua mbegu kutoka ile michache, unapanda. Musimu unaofuata, maharagi mengi yanavumilia ule ugonjwa. Mbu ni vilevile. Dawa inaua mbu wengi, lakini wachache wenye nguvu wanapona. Hao ndio wanaotaga mayai. Watoto wao wanakuwa na nguvu kama wazazi. Kisha miaka, karibu mbu wote ni wa ukoo wa wale waliopona.

Jambo hili si geni. Mwaka 1939 Paul Müller, mutu wa Uswisi, aliona kwamba DDT inaua wadudu. Mwaka 1955 OMS ilianza mupango mukubwa wa kumaliza malaria duniani, na silaha yake kubwa ilikuwa kupuliza DDT mu manyumba. Katika inchi nyingine malaria ilikwisha kweli. Lakini mahali pengine mbu walizoea dawa, na sehemu kubwa ya Afrika haikuwekwa hata ndani ya mupango ule. Mwaka 1969 OMS iligeuza mupango. Fundisho lililobaki ni hili: shauri moja halifai kila mahali, wala halifai siku zote. Lazima mutu aende kuangalia mbu wa pale, wakati huu.

Huyo mutu ndiye mujuzi wa mbu.

4. NANI ANAMUITA, NA KWA NINI?

Mu hospitali yetu kuna madocteur, wauguzi na wakunga. Sisi tunajua mugonjwa. Tunapima damu, tunatoa dawa, tunaongeza damu kwa mutoto aliyepungukiwa. Lakini mbu ni kitabu kingine. Sawa vile fundi wa nyumba anaweza kujenga ukuta muzuri, lakini akitaka daraja la gari anamuita mutu anayejua madaraja.

Mu inchi yetu, kazi ya kupigana na malaria inaongozwa na PNLP, ni kusema Mupango wa Taifa wa Kupigana na Malaria. Chini yake kuna majimbo na mazoni ya afya. Kinshasa kuna INRB, nyumba ya uchunguzi iliyoanzishwa mwaka 1984. Kongo ina wajuzi wake wa wadudu. Lakini inchi ni kubwa na hao ni wachache. Kwa hiyo, wakati zoni ya afya, ao misioni, ao wafazili wanataka kuchagua vyandarua gani vinunuliwe, ao kama inafaa kupuliza dawa mu manyumba, wanaajiri mujuzi kwa muda: miezi kadhaa, ao musimu mumoja wa mvua na musimu mumoja wa jua. Kazi yake si kugawa vyandarua. Kazi yake ni kuchunguza na kutoa shauri.

Wamama wengine wanauliza: «Franga za kumulipa huyo, si zingenunua dawa?» Franga za mujuzi na franga za vyandarua zinatoka mu mufuko mumoja, ni kweli. Lakini fikiri: vyandarua vinagawiwa mu kampanye, na kwa kawaida kunapita karibu miaka 3 mpaka kampanye nyingine. Tukinunua vile visivyofaa kwa mbu wa kwetu, tutakaa navyo miaka ile 3. Mutoto aliyezaliwa siku ya kampanye atakuwa anakimbia na kusema, na bado analala chini ya chandarua kile kile. Shauri baya ndilo lenye bei kubwa.

Lakini si kila mutu anayejiita mujuzi anafaa. Walio na kazi ya kumuajiri wanapashwa kuangalia mambo matatu, na inafaa wewe pia uyajue:

Jambo la kwanza: asiwe mwenye kuuza dawa. Mutu anayepata faida kwa kuuza dawa fulani hawezi kusema wazi kwamba dawa hiyo haifai. Mbele ya kuanza, inafaa aseme na kuandika kama kuna kampani inayomulipa.

Jambo la pili: awe na barua ya kazi. Barua inasema ametumwa na nani, atafanya nini, mu vijiji gani, kwa siku ngapi, na atamupa nani habari aliyopata. Mukubwa wa zoni ya afya anapashwa kuijua. Chefu wa kijiji na reko, ni kusema muhudumu wa afya wa kijiji, wanapashwa kuwa wameambiwa mbele.

Jambo la tatu: aache ujuzi nyuma yake. Mujuzi atarudi kwake, lakini mbu watabaki. Basi inafaa afundishe wauguzi na reko kuwakamata mbu na kuwahesabu. Mwaka unaofuata watafanya kazi ile bila yeye.

5. KAZI YAKE NI GANI?

Kwanza, anatafuta maji. Anazunguka na kijiko kirefu cha kuchotea, anaangalia mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe, njia za magari zenye maji, mashimo ya wachimba madini, maziwa ya kufugia samaki, na mabonde yenye majani. Anofeli wa namna moja anapenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua. Wa namna nyingine anapenda maji ya kudumu yenye majani, kama pembeni ya bwawa. Akijua ni nani anayeishi kwenu, anajua pa kutafuta.

Pili, anakamata mbu mu nyumba. Asubuhi, wanaomba mutoe chakula na mufunike maji. Watu wote wanatoka inje. Wanatandika mashuka nyeupe chini, wanafunga milango na madirisha, wanapuliza dawa kidogo. Wanangoja karibu dakika 10. Kisha wanaokota mbu walioanguka, mumoja mumoja, na koleo ndogo. Shuka ni nyeupe sababu mbu ni mweusi, anaonekana vizuri, haina maana nyingine. Usiku wanaweza kutundika mutego wenye taa karibu na kitanda, wakati mwenye nyumba analala ndani ya chandarua. Mutego unavuta mbu kwa taa, na kipepeo kidogo kinawasukuma ndani ya mufuko.

Mara nyingine watu wazima waliokubali wanakaa usiku, wanakamata mbu wanaotua kwenye miguu yao, saa kwa saa, mu nyumba na inje. Hivyo mujuzi anajua mbu wa kwenu wanauma saa ngapi na wapi. Watu hao wanapewa dawa ya kuwakinga. Mutoto haruhusiwi kamwe kufanya kazi hii.

Tatu, anapima kama dawa ingali inaua. Anakusanya watoto wa mbu mu maji, anawalea mpaka waruke. Wakifikisha siku 3 mpaka 5, anachukua wake karibu 100, anawatia ndani ya vichupa vyenye karatasi iliyopakwa dawa. Wanakaa humo saa 1. Kisha anawatoa, anawapa maji ya sukari, anangoja siku 1. Anahesabu waliokufa. Wakifa 98 ao zaidi mu 100, dawa ingali na nguvu. Wakifa chini ya 90, mbu wameizoea. Wakiwa katikati, anarudia kipimo. Pembeni anaweka mbu wengine kwenye karatasi bila dawa. Hao wakifa wengi, anajua kipimo kimeharibika, maana labda ni joto ao njaa iliyowaua.

Ine, anapima vyandarua vyenyewe. Anaweza kukuomba chandarua ulichotumia miaka 2, na kukupa kipya mahali pake. Anahesabu matundu. Anaweka mbu juu ya kitambaa kwa dakika 3, anaangalia kama watakufa. Anataka kujua chandarua kinafanya nini kisha kufuliwa, kuguswa na moshi wa jiko na kuvutwa na watoto, mu nyumba kama yako.

6. ATATOA SHAURI GANI?

Kisha kuhesabu, anaandika. Hawezi kuandika kwa kufikiri tu. OMS ina kitabu cha mashauri juu ya malaria, kilichokusanywa pamoja mwaka 2021 na kinachoongezwa wakati habari mupya zinapatikana. Mujuzi analinganisha aliyoyaona kwenu na yale ya kitabu. Hii ni mifano:

Kama mbu hawajazoea dawa ya piretri, na vyandarua viko vya kutosha, basi vyandarua vya kawaida vinafaa, na kazi kubwa ni kuona kila mutu analala ndani yake.

Kama mbu wamezoea, kuna vyandarua vya namna mbili vinavyoweza kusaidia. Vya kwanza vina kitu kinaitwa P.B.O. pamoja na dawa ya piretri. Ndani ya mwili wa mbu aliyezoea kuna kitu kinachovunja sumu, P.B.O. inakifunga mikono, na sumu inapata kufanya kazi. OMS ilianza kuvikubali mwaka 2017. Vya pili vina dawa nyingine pamoja, inaitwa klorofenapiri. Hiyo inapiga mbu kwa njia tofauti, inaharibu nguvu za mwili wake. Mbu anaweza kukufa polepole, kwa siku 2 ao 3. Kwa hiyo ukimuona anaruka kutoka kwenye chandarua, usiseme amepona. OMS iliwashauri watu kuvitumia mwaka 2023.

Shauri hilo lilitoka wapi? Lilitoka mu kazi kama ile ya Misungwi, mukoa wa Mwanza, inchi ya Tanzania, karibu na ziwa Victoria. Pale walilinganisha namna mbalimbali za vyandarua, na habari zilitangazwa mwaka 2022. Kwa miaka 2, watoto waliolala ndani ya vile vyenye klorofenapiri walipata malaria mara chache zaidi kuliko wale wa vyandarua vya kawaida: ilipungua kwa 44 mu kila 100. Wazazi wa kule walifungua milango yao, na leo watoto wa inchi nyingine wanapata faida.

Kama mbu wanapenda kukaa kwenye kuta, mujuzi anaweza kushauri kupuliza dawa mu manyumba. Kama maji ya mbu ni machache, yanakaa mahali pamoja na ni rahisi kuyaona, anaweza kushauri kuyatia dawa ao kuyafukia. Lakini mu kijiji ambamo mvua inajaza kila unyayo wa ng'ombe, shauri hilo litachosha watu bure. Vijiji viwili vya jirani, kimoja cha watengeneza matofali na kingine cha bwawa, vinaweza kupata mashauri mawili tofauti.

7. USITUNDIKE CHANDARUA JUU YA MUGENI

Mama, hapa ndipo tunataka usikilize zaidi.

Mujuzi akifika, atauliza: Watu wangapi wanalala humu? Vyandarua ni ngapi? Jana usiku nani alilala ndani yake? Wengi wetu tunaogopa haya. Tunasikia wageni wanakuja, tunatoa chandarua mu sanduku, tunakitundika mbio. Tunasema: «Ndiyo, sisi wote tunalalaka ndani.» Tunafikiri tumeheshimu mugeni.

Tazama kinachofuata. Mujuzi anaandika: «Mu kijiji hiki, karibu watu wote wanalala ndani ya chandarua, na bado watoto wanaugua sana.» Halafu anafikiri: basi vyandarua havina nguvu. Anashauri vinunuliwe vya bei kubwa zaidi. Kumbe shida ilikuwa nyingine: nyumba ya watu 8 ilipata vyandarua 2. Ao joto lilikuwa kali. Ao hakuna pa kufungia kamba. Ao mama alikiweka kwa kukitunza mpaka mutoto wa pili azaliwe. Shida hizo zingeweza kutengenezwa kwa kamba, kwa misumari, kwa kuongeza hesabu ya vyandarua. Lakini hakuna aliyezisema. Miaka 3 inapita, na watoto wanaendelea kuletwa hapa hospitali wakiwa na damu kidogo.

Docteur akikuuliza mutoto anaumwa wapi, humudanganyi, sababu unajua atatoa dawa mbaya. Mujuzi wa mbu ni vilevile. Yeye anapima nyumba kama docteur anavyopima mwili. Mwambie: «Tuko 8, tunalalaka 3 tu ndani.» Mwambie: «Kinanipa joto.» Mwambie: «Kilipasuka, nikakifanya uzio wa mboga.» Hakuna mutu atakayekupeleka kwa chefu juu ya maneno hayo. Maneno hayo ndiyo alikuja kutafuta.

8. MAULIZO YA WAMAMA

«Banasema wanakamata mbu kwa kutuletea wengine wabaya.»
Hapana. Wanaokota wale waliokuwa mu nyumba yako, na wengi wanakufa pale pale juu ya shuka. Wale wanaolelewa kwa kupimwa hawaachiliwi.

«Wanachukua damu ya watoto kwa kuiuza?»
Kukamata mbu hakuhitaji damu ya mutu. Mara nyingine wauguzi wanafanya kazi pamoja na mujuzi, wanapima malaria kwa tone la damu la kidole, sawa vile tunafanya hapa. Lazima wakuombe ruhusa mbele. Mutoto akiwa na malaria, inafaa apewe dawa ao atumwe kwenye kituo cha afya.

«Bwana wangu haiko. Nifungue mulango?»
Huna lazima. Mwambie reko arudi nao siku nyingine. Watu wa kazi nzuri hawakasiriki kwa kungoja.

«Ninaweza kukatala kabisa?»
Ndiyo. Uliza barua yao. Uliza reko kama anawajua. Hata wakiwa na barua, unaweza kukatala, na hautanyimwa dawa wala chandarua juu ya hiyo.

«Mbu wamezoea dawa. Basi mustikere haina kazi tena, nimupatie bwana avulie samaki?»
La, mama! Chandarua kizima ni ukuta. Hata mbu asipokufa, hawezi kupita. Chandarua kisicho na tundu, kilichoingizwa vizuri chini ya mukeka ao matela, kingali kinamukinga mutoto. Usikiache mpaka upate kingine. Tena usikitie mu maji ya ziwa ao ya muto, sababu dawa yake inaua viumbe vya maji, na matundu madogo yanakamata hata samaki wachanga.

«Mutoto wangu analalaka ndani, na bado alipata malaria. Njo kusema ni bongo?»
Si bongo. Labda mbu alimuuma inje jioni, mukiota moto. Labda mukono wake ulikuwa unagusa kitambaa, mbu akauma kupitia pale. Labda kulikuwa na tundu. Chandarua kinapunguza malaria sana, lakini hakiimalizi peke yake. Kwa hiyo homa ikija, usiseme «haiwezi kuwa malaria, analala ndani ya chandarua». Mulete apimwe.

9. LEO, USINGOJE MUJUZI

Kazi ya mujuzi inachukua miezi. Mutoto wako analala leo usiku. Basi:

— Kila usiku, musimu wa mvua na musimu wa jua, wote walale ndani ya chandarua. Kama havitoshi, watangulie mama mwenye mimba na watoto wadogo.
— Chandarua kipya kianikwe mu kivuli siku 1 mbele ya kukitundika.
— Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida na maji baridi. Usitie javeli. Usikianike kwenye jua, sababu jua linaharibu dawa. Usikifue kila juma. Inatosha kila miezi 3.
— Ukiona tundu, lishone leo, mbele halijakua.
— Ukiwa na mimba, fika CPN mapema na urudi kila wanapokuita. Kuanzia mwezi wa ine tunatoa vidonge vya kukukinga na malaria. Inafaa uvipate mara 3 ao zaidi mbele ya kuzaa.
— Mutoto mwenye homa aletwe siku ile ile, ao kesho yake asubuhi na mapema. Usianze na dawa za soko. Akiwa hanyonyi, anatapika kila kitu, anashtuka-shtuka, analala bila kuamka, ao viganja vyake vimekuwa vyeupe, usingoje hata saa moja. Ni usiku? Kuja usiku.

Wamama wapenzi, vita na mbu haipiganwi kwa kelele. Inapiganwa kwa kuhesabu vizuri na kusema kweli. Mujuzi analeta vichupa, karatasi na masomo yake. Wewe unaleta habari ya nyumba yako, ambayo hakuna mutu mwingine anayeijua. Akibisha hodi na barua yake mu mukono, na reko yuko pamoja naye, na wewe umekubali, mukaribishe, muonyeshe chandarua vile kilivyo, pamoja na matundu yake.

Ukikwisha kusoma karatasi hii, usiitupe. Musomee jirani asiyejua kusoma. Na kama kuna neno ambalo halikueleweka, siku ya CPS ulize. Hakuna ulizo la aibu. Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.